Paa Nunga na Jongoo wa Pwani: Majina Yao na Desturi za Watu Juu Yao

Huenda msomaji akastaajabu kuona wanyama wawili hawa wamefungwa kamba moja. Mmoja ni mnyama wa mwituni, mwenye miguu minne, pembe, manyoya na macho maangavu. Wa pili ni kiumbe wa chini ya bahari, asiye na jicho, asiye na mfupa, naye hulala mchangani kama soseji iliyosahauliwa. Walakini wote wawili ni wenyeji wa Unguja, na kwa upande wa kusini ya kisiwa makao yao hayapitani sana: mtu aweza kutoka katika msitu wa Jozani asubuhi, akafika Ghuba ya Chwaka maji yakiwa bado yametoka, na njiani akawa amepita nchi ya wote wawili. Serikali ya Zanzibar nayo iliwaweka chini ya mpaka mmoja mwaka 2004, ilipotangaza Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, yenye msitu, mikoko na maji ya ghuba pamoja. Basi si mimi niliyewakutanisha.

Nataka kuwatazama kwanza kwa majina, maana majina ndiyo mlango wa desturi. Kisha kwa maisha yao. Kisha kwa jinsi watu walivyowatenda. Katika jambo hili la tatu wanyama hawa wamekuwa ndugu kuliko walivyokuwa katika mawili ya kwanza.

Neno paa katika Kiswahili lina kazi nyingi. Kuna paa la nyumba. Kuna kupaa, yaani kwenda juu. Kuna kupaa samaki, yaani kumwondoa magamba. Tena kuna paa huyu wa mwituni. Mwanafunzi mgeni hulalamika sana juu ya neno hili, lakini mwenyeji hakosei, maana ngeli humwongoza: akisikia "paa limevuja" hatafuti pembe, na akisikia "paa amekimbia" hatazami makuti. Jina hili hutumika kwa wanyama wadogo wa jamii hiyo kwa jumla. Watu wa mwituni ndio wanaotofautisha. Kwao paa wa kawaida ni yule mdogo sana wa rangi ya hudhurungi, mwenye uzito wa kilo nne hata sita, ambaye dume peke yake ndiye mwenye pembe. Huyo alielezwa kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1846, kutokana na mnyama aliyepatikana katika kisiwa kidogo cha Chapwani mbele ya mji wa Unguja, nao wakampa jina la Kilatini lenye maana ya mwenye harufu ya miski, kwa sababu ya tezi zilizo mbele ya macho yake.

Paa nunga ni mwingine. Ni mkubwa kuliko huyo, naye hupata kilo saba hata kumi na mbili. Rangi yake ni nyekundu ya kutu, na mapajani nyuma ana mkanda mweupe, na miguuni madoa meupe kama aliyepita katika chokaa. Dume na jike wote wana pembe, lakini ni fupi mno, na mara nyingi hufichwa na kishungi cha nywele nyekundu utosini. Mtaalamu wa London, Oldfield Thomas, alimweleza mwaka 1918, akampa jina la Dk. W. Mansfield-Aders, aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya viumbe katika serikali ya Unguja. Kwa hiyo katika vitabu vya Ulaya mnyama huyu ni "wa Aders" hata leo, ingawa watu wa Makunduchi na Muyuni walimjua na kumla zamani za zamani kabla Aders hajazaliwa. Jambo hili ni la kawaida, wala sina haja ya kuligombania.

Kilicho cha ajabu zaidi ni jina la jamii yake. Waingereza humwita paa wa namna hii "duiker", nao wamelichukua neno hilo kutoka kwa Makaburu wa Afrika ya Kusini. Na katika Kiholanzi maana yake ni mpiga mbizi, mzamiaji. Makaburu walimwita hivyo kwa kuwa akishtuka hujitupa kichakani kichwa mbele, akatoweka kama mtu aliyejitupa majini. Hebu msomaji asimame hapa kidogo. Mnyama wa mwituni ameitwa mzamiaji, na mnyama wa chini ya bahari sisi tumemwita jongoo, ambaye ni mdudu wa shambani. Kila mmoja amevaa kanzu ya mwenziwe.

Sasa jongoo. Watu wengi wa pwani husema jongoo wa pwani au jongoo wa bahari. Wengine, na hasa vijana na vitabu vya siku hizi, husema jongoo bahari bila kiunganishi, kama tusemavyo bata mzinga. Namna zote ni Kiswahili. Upatanisho wake ndio unaotatiza, maana neno jongoo katika wingi ni majongoo, na hapo watu hugawanyika: wengine husema "majongoo haya yamekauka", wengine "majongoo hawa wamekauka". Nimesikiliza kwa muda, nami nimeona kwamba anayemtaja akiwa hai mchangani husema hawa, na anayemtaja akiwa ndani ya gunia husema haya. Kanuni hii haimo katika sarufi yoyote niliyofundishwa nayo, lakini ina akili yake.

Si yeye peke yake wa baharini aliyeazimwa jina la nchi kavu. Panzi ni mdudu wa majanini, na panzi ni samaki arukaye juu ya mawimbi. Kipepeo ni wa maua, na kipepeo ni samaki bapa wa miambani. Nyota ya bahari ameitwa kiti cha pweza, kana kwamba pweza ana sebule. Mswahili aliposhuka pwani alishuka na kamusi ya shamba mkononi, akalinganisha. Wala hakulinganisha ovyo. Mtazame jongoo wa shambani: mrefu, mviringo, mweusi au wa kahawia, mzito wa mwendo, mwenye miguu isiyohesabika. Kisha mtazame wa pwani: naye ni mrefu, mviringo, mzito wa mwendo, na ukimgeuza tumbo utaona vijiguu vidogo vingi sana, laini, vyenye kunata, ambavyo kwavyo huenda taratibu juu ya mchanga. Na kama vile jongoo wa shambani akiguswa hujikunja, huyu wa pwani akiguswa hujikaza mwili wote ukawa mgumu kama mpira wa gurudumu.

Wazungu walimfananisha na nini? Waingereza wanasema tango la bahari. Siku hizi naona katika maandishi ya shule neno "tango bahari", ambalo bila shaka limefasiriwa kutoka kwao. Mimi silikubali. Tango halina miguu, haliendi, wala halijikazi likiguswa. Aliyelitunga jina hilo alitazama umbo tu. Jina letu limetazama umbo na mwendo na miguu. Kuacha jina lililo sahihi zaidi kwa kufuata lililo sahihi kidogo, kwa sababu tu hili limechapwa kwa Kiingereza, ni hasara ambayo haina faida yoyote upande wa pili.

Wareno walimwita "bicho do mar", yaani mdudu wa bahari, nao hapo walikaribiana nasi sana. Lakini neno hilo lilipoingia vinywani mwa Wafaransa likageuka "bêche-de-mer", na ukilifasiri sasa neno kwa neno utapata koleo la bahari! Halikuishia hapo. Wafanya biashara wa majongoo katika visiwa vya bahari ya Pasifiki walisema na wenyeji Kiingereza kilichovunjika-vunjika, na lugha hiyo ikaitwa kwa jina la bidhaa yenyewe. Nayo ndiyo leo lugha ya taifa ya Vanuatu, iitwayo Bislama. Kwa hiyo iko lugha duniani iliyochukua jina lake kwa jongoo wa pwani, kama hii yetu ilivyochukua lake kwa pwani yenyewe, katika neno la Kiarabu sawahil. Wamalai humwita teripang, na mabaharia wa Makassar walikwenda kumtafuta hata kaskazini ya Australia tangu karne ya 18 hata mwanzo wa karne ya 20. Wachina, ambao ndio walaji, wamempa jina la heshima kupita wote: wao humwita haishen, yaani ginseng ya bahari, wakimlinganisha na mzizi ule wa dawa wanaouthamini sana. Kwetu mdudu, kwao dawa.

Katika maisha yao wanyama hawa ni kinyume karibu katika kila jambo, illa moja, nami nitalitaja hilo kwanza kwa kuwa watu hawalioni upesi. Wote wawili ni waokotaji. Paa nunga hapandi mti, wala shingo yake haifiki mbali. Kazi yake ni kuzunguka chini ya miti na kuokota matunda, maua na majani yaliyoanguka. Na mara nyingi hufuata nyayo za walio juu. Kima na kima punju wakila matawini, huku wakitupa nusu ya walichochuma kama ilivyo tabia yao, yeye yuko chini anakusanya. Ndege nao humwangushia. Maji ya kunywa hana haja nayo sana, na hiyo ni bahati, maana katika nchi ya maweni mvua ikinyesha huzama katika matundu ya mawe mara moja. Unyevu wa matunda na majani humtosha.

Jongoo naye huokota kinachoanguka kutoka juu, lakini juu yake ni bahari. Majani ya nyasi za baharini yaliyooza, vinyesi vya samaki, vidudu visivyoonekana kwa macho, vyote hushuka na kuchanganyika na mchanga. Naye humeza mchanga wenyewe, akatoa tumboni mwake kile kilicho chakula, na kuutoa uliobaki nyuma, safi, katika vijifungu kama kamba. Yule aitwaye jongoo mchanga, ambaye kwa bei ndiye miongoni mwa wakubwa wao, hujizika mchana au maji yanapopwa, kisha hutoka. Ukifikiri ni majongoo mangapi yaliyokuwa katika ghuba moja hapo zamani, na kila mmoja anageuza mchanga mwaka mzima, utaelewa kwamba alikuwa mkulima wa shamba la chini ya maji. Nyasi za baharini hupata rutuba kwa kazi hiyo, na katika nyasi hizo ndimo walishamo tasi na changu, ambao sote twawajua sahanini.

Katika mengine hawafanani kabisa. Paa nunga ni masikio na pua. Jani likivunjika hatua mia yeye amekwisha jua. Jongoo hana ubongo. Ana mshipa wa fahamu uliozunguka kinywa chake na mingine iendayo mwilini, basi. Hupumua kwa njia ya nyuma, akivuta maji ndani ya mirija iliyotawanyika kama matawi ya mti, na katika tundu hilo hilo samaki mwembamba mmoja hufanya makao yake, akiingia mkia mbele, jambo ambalo wanafunzi hawakubali mpaka waonyeshwe. Adui akimjia paa, kinga yake ni miguu. Adui akimjia jongoo, wengine wao hutoa nyuzi nyeupe zenye kunata zimtatizazo adui. Wengine hutapika matumbo yao yote yakaachwa kwa adui, nao wakaenda zao na kuotesha mengine. Kama paa angeweza hivyo, msitu ungekuwa umejaa.

Na katika kuzaa vilevile. Paa nunga huzaa mtoto mmoja. Jongoo jike humwaga majini mayai kwa mamia ya maelfu, hata kupita milioni, na dume humwaga mbegu zake. Kisha yote huachiwa mkondo. Mtu wa haraka atasema: basi jongoo hawezi kwisha kamwe, paa ndiye wa kuhofiwa. Hesabu hiyo ilidanganya watu wengi, na ubaya wake uko hapa. Mayai ya huyu na mbegu za yule lazima zikutane majini kabla hazijatawanyika, na hazikutani isipokuwa wazazi wako karibu. Majongoo wakiwa wengi mahali pamoja, hukutana. Wakiokotwa hata akabaki mmoja hapa na mwingine mbali kule, kila mmoja aweza kumwaga milioni yake kila mwaka asipate mtoto hata mmoja. Paa wawili waliosalia katika msitu hutafutana kwa harufu na kwa miguu, hata wakaonana. Majongoo wawili waliosalia katika ghuba hawana la kufanya. Kwa hiyo mwenye mayai mengi ndiye awezaye kumalizika hali wazee wake wangali hai, nasi tukiwaona mchangani tukadhani mambo ni mema.

Nije sasa kwa watu.

Paa ana hadithi. Askofu Edward Steere, alipokusanya hadithi za Kiswahili huko Unguja na kuzitoa katika kitabu mwaka 1870, aliweka ndani yake hadithi ya Sultani Darai. Maskini mmoja aliyezoea kuchakura jaani anapata kisarafu kidogo, naye anakitoa kwa kununua paa, majirani wakimcheka. Na paa huyo, mwenye kusema na mwenye hila, anamtafutia bwana wake almasi, mke wa kisultani na jumba la nyoka. Kisha paa anaugua, bwana anamdharau, anaamuru apewe uji wa mtama. Paa anakufa, na tajiri anaamka akijikuta jaani kama zamani. Katika maneno ya wapenzi pia paa hutajwa kwa macho yake na shingo yake. Wazee wetu walimpenda paa katika maneno, na kumla katika chungu, wala hawakuona mgongano.

Walimsaka kwa mbwa na nyavu. Wasasi walikwenda kwa kundi. Nyavu zilitandwa upande mmoja wa kichaka, mbwa na wapiga kelele wakaingia upande wa pili. Nyama iligawanywa kwa desturi, na kundi lilikuwa na mkuu wake na siku zake. Msako wa namna hiyo ulikuwa na mipaka yake mwenyewe, kwani wasasi walipaswa kupatana, na mbwa walipaswa kulishwa. Kilichoharibu mambo ni bunduki na tanzi za waya, pamoja na njaa ya mji kutaka nyama, tena zaidi ya hayo ukataji wa vichaka kwa kuni, mkaa na kuchomea chokaa. Paa nunga hapendi uwanja wazi. Kichaka kirefu kikikatwa, hata asipoguswa kwa risasi, amekwisha fukuzwa. Mwaka 1983 walikadiriwa kuwa 5,000 hivi katika Unguja. Mwaka 1996 wakakadiriwa 2,000. Mwaka 1999 wakakadiriwa 640. Tarakimu hizi ni za makadirio, maana mnyama aliyeitwa mzamiaji si rahisi kuhesabika, lakini njia ziendako zaonekana. Upande wa bara aliishi Kenya katika msitu wa Arabuko-Sokoke, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wachache hao ndio wote. Kisha katika karne hii, wataalamu walipotega kamera katika misitu ya Boni na Dodori karibu na mpaka wa Somalia, walikuta wengi kuliko mtu yeyote alivyotazamia. Hayo yamewapumzisha wenye kuhofu kwamba jamii yake itatoweka duniani. Lakini wa Boni hawajazi msitu wa Unguja.

Jongoo hana hadithi. Methali anayo jina lake, ile isemayo kwamba mtupa jongoo hutupa na ung'ong'o wake, lakini huyo ni wa shambani. Wa pwani hakuliwa na watu wetu, hakutolewa mfano, wala hakuimbiwa. Wako waliosema nami kwamba ni kwa sababu ya sura yake. Mimi nadhani jina pia lina sehemu yake. Nani awezaye kumwandalia mgeni jongoo, hata akitoka baharini? Pweza naye si mzuri wa sura, na twamla kwa furaha. Lakini pweza hakuitwa kwa jina la mdudu wa shambani.

Kwa hiyo aliokotwa kwa ajili ya wengine. Biashara ya kumpeleka Mashariki ya Mbali ni ya zamani katika pwani hii. Utengenezaji wake ni kazi ya siku kadhaa. Hupasuliwa na kutolewa matumbo, huchemshwa, na jongoo mchanga huzikwa usiku katika mchanga wenye unyevu ili ngozi ya juu, yenye chembe za chokaa, ilegee. Kesho yake hukwanguliwa na kusuguliwa, huchemshwa mara nyingine, kisha huanikwa juani hata akawa mgumu kama kipande cha mti. Uzito uliobaki wapata sehemu moja tu katika ishirini. Mtu aonaye gunia moja la majongoo makavu hana budi kukumbuka kwamba ameona magunia ishirini ya bahari.

Waokotaji wa zamani walikuwa wanawake na watoto, wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali. Mwanamke aliyekwenda kutafuta chaza na pweza alimtia jongoo kikapuni naye, akampelekea mnunuzi wa kijijini, na fedha hizo zilikuwa zake mwenyewe: sukari, mafuta ya taa, daftari la mtoto. Jambo hili lataka kuangaliwa sana na wenye kutunga sheria. Nyama ya paa ilikuwa ya wanaume na ya kundi. Fedha ya jongoo ilikuwa ya mwanamke aliyeinama peke yake. Bei ilipopanda, hasa tangu miaka ya 1990, na majongoo wa karibu wakaisha, kazi ilihamia kwa vijana wazamiaji wenye miwani na mabapa ya miguuni, na baadaye wenye mitungi ya hewa. Wengine wao walizama kina kirefu mara nyingi mno kwa siku na kuibuka haraka, wakarudi wamepooza miguu, wako waliokufa. Mwanamke wa bamvua alibaki na kikapu kitupu, na katika maandishi mengi juu ya "wavuvi wa majongoo" hatajwi.

Katika miaka ya 2000 serikali ilipiga marufuku uvuvi wa majongoo upande wa Tanzania Bara, huku Zanzibar ukiendelea kwa vibali. Ugumu wa jambo kama hilo hauhitaji kuelezwa kwa mtu aijuaye bahari: jongoo aliyeokotwa upande mmoja wa mkondo hana alama usoni. Mwaka 2019 mataifa yaliyo katika mapatano ya CITES yaliwaweka aina tatu za majongoo wakubwa wa miambani, wawili wao wakiwamo katika bahari yetu hii, katika orodha ya wanyama wasiouzwa nje bila hati ya serikali, na amri hiyo ikaanza kazi mwaka 2020. Jongoo mchanga hakuwamo katika orodha hiyo, ingawa wataalamu walikwisha kumtaja mwaka 2013 kuwa yu katika hatari ya kutoweka.

Paa nunga alikwisha kupata watetezi kabla ya hapo. Wengine walikamatwa wakapelekwa kisiwa cha Chumbe, wakae mbali na mbwa na tanzi. Vijiji kadhaa vya kusini ya Unguja viliweka misitu yao ya hifadhi. Wageni hulipa fedha kuingia Jozani, ingawa wengi wao huja kwa kima punju, na paa humwona mmoja katika mia. Ni rahisi kumtetea mwenye macho mazuri. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wa darasa la juu ni mnyama gani wa kisiwa chetu anayestahili kulindwa, wakaandika kima punju, paa nunga, kasa, pomboo. Jongoo hakuandikwa na hata mmoja, na miongoni mwao walikuwamo watoto waliolipiwa ada kwa jongoo.

Kwa upande wake njia nyingine imefunguka, nayo ni kumzalisha. Huko Tuticorin, India, mwaka 1988, wataalamu walifaulu kumfanya jongoo mchanga atage katika matangi na kulea watoto wake. Ujuzi huo ukaenea, na katika pwani ya kusini magharibi ya Madagaska, karibu na Toliara, watu wa vijijini wanawalea katika nyua za nyavu katika maji ya kupwa na kujaa. Unguja nako kazi hiyo imeanza, na wengi wa waliojifunza ni wanawake waliokuwa wakilima mwani. Hupewa majongoo machanga kama kidole, huyatia katika uzio, huyalinda yasiibwe usiku, na kuvuna baada ya miezi mingi. Wezi ndio adui mkubwa, kupita kaa na ndege. Jongoo hukaa alipowekwa, na kwa sababu hiyo anafugika. Na kwa sababu hiyo hiyo anaibika.

Nami nimefurahi kuona namna lugha inavyoifuata kazi hii. Zamani kitenzi cha jongoo kilikuwa kuokota, kama mtu aokotavyo embe lililoanguka. Wazamiaji walipoingia kikawa kuvua. Sasa katika vijiji vyenye nyua watu husema kufuga majongoo. Watoto wake huitwa vifaranga, na mahali pake uzio, na hata nimesikia zizi, maneno ya kuku na ng'ombe. Na upatanisho nao umegeuka pamoja nayo: mwanamke mwenye uzio wake husema "majongoo wangu wamekua", hata anapowaweka juu ya mizani. Kwa paa nunga vitenzi vilikuwa kusaka na kutega, na sasa ni kuhifadhi na kuhamisha, ambavyo ni vitenzi vya ofisi. Mwanakijiji huvitumia akisema na mgeni mwenye daftari, na akirudi barazani husema kusaka.

Pale kusini ya Jozani, ambapo msitu unakwisha na mikoko inaanza, usiku wa bamvua mwenye masikio aweza kusikia mbwa wakibweka upande wa maweni, na upande wa ghuba akaona taa za walinzi wa nyua zikitembea juu ya maji haba.